Nani Anaona?

Siku hizi ukiuliza thamani ya mwanasayansi unaonyeshwa namba moja: h-indeksi. Jorge Hirsch aliitunga 2005. Ukiwa na 20, una makala 20 ambazo kila moja imetajwa na wengine angalau mara 20. Basi, umepimwa.

Mimi niliacha chuo, so yangu ni sifuri. Lakini hapa Kiogoro naona kitu namba hiyo haikioni. Kliniki, ncha ya kidonge inakatwa, matone ya vitamini A yanakamuliwa mdomoni mwa mtoto, kila miezi sita hadi afikishe miaka mitano. Mkemia Paul Karrer alitambua umbo la vitamini hiyo 1931. Daktari wa macho Alfred Sommer akaonyesha 1983 kwamba Indonesia, hata watoto wenye dalili ndogo za macho za upungufu wake walikufa zaidi ya wenzao. Wengi hawakumsadiki.

Mama wa Kiogoro hataandika makala ya kumtaja Sommer. Ataingia wapi kwenye hesabu? Vyuo vyetu vinapandisha watu vyeo kwa kuhesabu makala, na ukilipia makala utapata makala, si dawa. Kabla ya kuuliza nani amekutaja, uliza nani anaona.