Jumamosi moja ya mazoezi haifidii mwezi mzima wa kukaa kitini

Mkulima wa Busunzu, wilayani Kibondo, anayelima maharage na muhogo kwa jembe la mkono, hahitaji kukumbushwa kufanya mazoezi. Mwanawe akihamia mjini na kupata kazi ya mezani, mambo hubadilika, tena kwa kasi kuliko wengi wanavyodhani.

Ushahidi upo hapa hapa nchini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulianza na watu 209 waliokuwa wakihama kutoka vijiji vya mkoa wa Morogoro kwenda Dar es Salaam. Kabla ya kuhama, asilimia 79.4 ya wanaume walifanya shughuli za kutumia nguvu nyingi. Miezi 12 baadaye ni asilimia 26.5 tu. Kwa wanawake, kiwango kilishuka kutoka asilimia 37.8 hadi 15.6. Uzito nao uliongezeka kwa wastani wa zaidi ya kilo mbili. Ajabu ni kwamba mjini watu hao walikula matunda na mboga zaidi, ingawa nyama nyekundu pia iliongezeka. Wanaolaumu chipsi peke yake wanaona nusu ya tatizo.

Kitaifa, wanawake wenye uzito uliozidi walikuwa asilimia 28 mwaka 2015/16. Kufikia 2022 walikuwa asilimia 36.

Desemba 2016, Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alizindua kampeni iliyotenga Jumamosi ya pili ya kila mwezi kwa mazoezi. Ilikuwa hatua njema, lakini hesabu yake haitoshi. Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Uchambuzi wa mwaka 2016, uliohusisha zaidi ya watu milioni moja, ulionyesha kuwa anayekaa saa nane au zaidi kwa siku huhitaji dakika 60 hadi 75 za mazoezi kila siku ili kuondoa hatari ya ziada ya kufa mapema inayohusishwa na kukaa huko. Hapo foleni ya kwenda na kurudi kazini haijahesabiwa.

Katika ofisi nyingi anayetembea kutwa ni mhudumu anayebeba majalada. Mkubwa wake huletewa hata chai mezani, na kitambi chake bado husifiwa kuwa dalili ya neema. Mfanyakazi hulaumiwa kwa uvivu, ilhali ratiba ya kazi hupangwa na mwajiri, na njia salama za waenda kwa miguu zimo mikononi mwa halmashauri.