Kabla ya kutaja karuho, tupime moyo wa wale wanaobaki

Tuseme kijana wa miaka 28 anaanguka shambani na hapumui tena. Kaka yake alikufa hivyo hivyo miaka miwili mbele yake, na baba yao kabla yao. Kwenye matanga watu hawaulizi tena nini kimemuua. Wanauliza nani. Huku kwetu Kivu jibu haliko mbali: karuho, ao uchawi. Na jina linalotajwa mara nyingi ni la mama mzee asiye na mtu wa kumtetea.

Hatusemi kwamba sumu haipo. Tunasema kuna magonjwa ya moyo yanayotembea ndani ya damu ya jamaa, na moja yao linafaa kujulikana hata kama ni nadra.

Karibu kila seli ya mwili iko na kiini chenye kuchunga jeni. Ukuta wa kiini hicho unashikwa na wavu wa protini zinazoitwa lamini, kama vile fito zinavyoshika udongo wa nyumba. Mwaka wa 1999, watafiti wa Ufaransa wakiongozwa na Gisèle Bonne walionyesha kwamba kosa kwenye jeni ya lamini, LMNA, linaleta ugonjwa wa misuli na moyo uitwao Emery-Dreifuss. Moyo unapiga karibu mara 100,000 kwa siku, na kila pigo linavuta na kubana viini vya seli zake. Fito zikiwa zaifu, seli zinaharibika, umeme unaoendesha moyo unakatika njiani, na mtu anaweza kufa gafula hata kama jana alibeba mfuko wa makala.

Mzazi mwenye kosa hilo, baba ao mama, anaweza kulipitisha kwa mtoto: kila mimba ni nusu kwa nusu. Kuna aina nyingine, ya protini iitwayo emerini, ambayo mama anaibeba bila kuumwa sana huku watoto wake wanaume wakipatwa. Wazia sasa mama huyo mbele ya baraza la ukoo, amezika wavulana wawili.

Lakini ugonjwa huo unatoa alama. Viwiko havinyooki vizuri tangu utoto. Kisigino kinakaza, mtoto anatembea kwa vidole. Shingo inakuwa ngumu kuinama. Baadaye moyo unapiga polepole ao bila mpango, mtu anazimia. Muuguzi wa kituo cha afya anaweza kuona hayo yote kwa macho na kwa kushika mkono.

Kipimo cha jeni ni kitu cha mbali kwa wakaaji wengi. Mashini ya ECG siyo ya mbali namna hiyo, na hospitali kubwa za Goma na Bukavu zinaijua. Matibabu yenyewe, yaani chombo kinachowekwa kifuani ili kurudisha pigo la moyo, ni ya bei kali, na hapo serikali iko na deni kwa raia wake.

Kwa sasa tunaomba jambo moja kwa wizara za afya za mikoa: jamaa ikizika kijana wa pili aliyekufa gafula, muuguzi aende nyumbani, aulize waliokufa walikuwa na miaka ngapi, kisha atume ndugu na watoto waliobaki kupimwa moyo. Na shefu wa kijiji amulinde huyo mama mzee usiku huohuo, maana kesho yake umati haungojei majibu ya hospitali.