Friji kwanza, televisheni baadaye

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Siku hizi mgeni huja kwa kulipa, naye mwenyeji hupona kwa kupata pesa za karo na za mkopo wa nyumba. Sina ubishi na biashara hiyo. Kuanzia Kilimani na South B jijini Nairobi hadi Nyali na Bamburi kule Mombasa, vyumba vya kukodishwa kwa siku au kwa wiki vimewafaa wengi wasioweza kumudu bei ya hoteli. Ninalolalamikia ni jinsi ile pembe ya kupikia inavyopangwa.

Mwenye nyumba atatumia maelfu ya shilingi kununua televisheni kubwa ya kutundika ukutani, kisha amwachie mgeni friji kuukuu isiyoshika baridi, mtungi wa gesi karibu na kitanda na waya mmoja wa kuunganishia kila kitu. Hapo amepamba chumba na kusahau afya.

Tukumbuke ni akina nani wanaolala katika vyumba hivi. Si watalii na wafanyabiashara pekee. Miongoni mwao mna wagonjwa waliotoka mbali kuja kutibiwa Nairobi au Eldoret, ambao matibabu yao, mathalan ya mionzi kwa ajili ya saratani, huweza kuendelea kwa wiki kadhaa bila wao kulazwa. Mna wajawazito, wazee na watoto wachanga. Kwa mtu ambaye kinga ya mwili wake imedhoofishwa na maradhi au na dawa, sahani moja ya chakula kilichoharibika yaweza kumlaza hospitalini.

Kwa hivyo nasema friji itangulie. Viini vingi vya maradhi ya tumbo huzaana upesi katika joto la kati ya nyuzi 5 na 60. Friji nzuri hukaa chini ya nyuzi 5, na kipimajoto kidogo cha kuweka ndani ndicho kitakachokuambia ukweli, si mkono wako. Chakula kilichopikwa hakifai kukaa nje zaidi ya saa 2, na katika joto la Pwani ni heri muda uwe mfupi zaidi. Wali ni hatari kuliko wengi wanavyodhani, kwa sababu kuna viini ambavyo mbegu zake hustahimili kuchemshwa, kisha huamka wali ukiachwa sufuriani usiku kucha.

Friji hiyo hiyo ndiyo duka la dawa la mgonjwa wa kisukari. Insulini ambayo haijafunguliwa huhifadhiwa katika nyuzi 2 hadi 8. Ikiganda huwa haifai tena, hata ikiyeyuka na kuonekana safi. Ndiyo maana friji ndogo ambazo sehemu ya barafu haikutengwa vyema hazipendezi. Nunua yenye rafu iliyo mbali na barafu.

Friji nzuri nayo haina maana bila stima. Kuna wenyeji wanaoacha tokeni za shilingi chache kwenye mita, zikaisha mgeni akiwa matembezini. Friji iliyofungwa huhifadhi baridi kwa saa 4 hivi tu. Stima ikirudi jioni, nyama itakuwa baridi tena na mgeni hatajua kwamba ilishinda katika joto. Weka tokeni za kutosha, au mwambie mgeni mapema kwamba atazinunua mwenyewe.

Tuje kwenye moto. Katika chumba kimoja ambamo kitanda na jiko vinatazamana, mimi napendekeza jiko dogo la umeme badala ya mtungi wa kilo 6 wenye kichomeo juu yake. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hujikusanya chini, sakafuni, ikingoja cheche. Mgeni hajui tabia ya jiko lako, wala hajui kwamba regulata yako hulegea. Najua nitajibiwa kwamba stima ni ghali na hupotea mara kwa mara. Ni kweli. Lakini mgeni wa siku tatu hupika chai, mayai na pengine ugali, na gharama hiyo yaweza kuingizwa katika kodi. Anayeshikilia gesi na auweke mtungi nje, akague mpira wake kila mgeni anapoondoka, na aununue kwa muuzaji anayejulikana. Mlipuko wa Embakasi wa Februari 1, 2024 ulitufundisha gharama ya kujaza gesi kiholela.

Jiko la makaa lisiwemo kabisa, hata kwa ajili ya kuota moto mwezi wa Julai. Makaa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Aliyeivuta huumwa na kichwa, huona kizunguzungu na kichefuchefu, akadhani ni malaria. Huenda akalala asiamke.

La tatu ni birika la umeme. Hilo ni rafiki wa afya, kwani maji yaliyochemka huua viini vya kipindupindu, maradhi ambayo yalizuka tena nchini mnamo Oktoba 2022. Chagua linalojizima lenyewe, na uliweke ndani kabisa ya meza, waya usining'inie mahali mtoto anapoweza kuuvuta. Mtoto akiungua, mahali hapo pamwagiwe maji baridi ya mfereji kwa dakika 20, kisha apelekwe hospitalini. Asipakwe dawa ya meno wala unga.

Angalia pia hesabu ya waya. Plagi zetu ni za ampea 13, na kwa volti 240 hiyo ni takriban wati 3,100. Birika la wati 2,000 na jiko la wati 1,500 vikiunganishwa kwenye ekstensheni moja vimekwisha kupita kiasi hicho. Kila kimoja kiwe na soketi yake ukutani. Ongeza mbao mbili za kukatia, moja ya nyama mbichi na nyingine ya kachumbari. Bei yake ni ndogo mno kwa mtu kuomba udhuru.

Nawe msomaji unayekodi, kabla ya kulipa uliza mambo matatu: friji inashika baridi? Mtungi wa gesi uko wapi? Dirisha la mahali pa kupikia linafunguka? Mwenye nyumba akikasirishwa na maswali hayo, tafuta chumba kingine. Televisheni utaikuta hata nyumbani kwako.