Riwaya Mbili za Vita, Zilizosomwa kwa Sauti

Katika majuma haya ya mvua nimemaliza riwaya mbili bila ya kufunua ukurasa hata mmoja. Nimezisikiliza kwa simu, zikisomwa kwa Kiingereza na wasomaji hodari, huku mikono yangu ikichambua mchele au kupiga sare pasi. Wapo watakaosema kwamba huko si kusoma. Hao nawakumbusha kuwa wazee wengi wa pwani waliwajua mashujaa wa tenzi kwa masikio tu, na wakaweza kuwasahihisha wenye kitabu mkononi.

Ya kwanza ni Afterlives ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Kitabu kilitoka mwaka 2020, na mambo yake yanaanzia katika Afrika Mashariki ya Wajerumani. Kijana mmoja mpole, Hamza, anajiunga na jeshi lao kwa hiari yake mwenyewe, na haupiti muda kabla hajaona amejitia katika nini. Askari wengi wa jeshi lile walikuwa Waafrika, wakiwapiga Waafrika wenzao waliovaa sare za Mwingereza. Vita hivyo viliburura mateso yake hadi tarehe 25 Novemba 1918, Jenerali Lettow-Vorbeck aliposalimisha silaha huko Abercorn, ambako leo ni Mbala nchini Zambia. Huko Ulaya mizinga ilikwisha nyamaza siku 14 kabla.

Lakini Gurnah hakai sana na bunduki. Hamza anarudi mji wa pwani akichechemea, mfukoni hana kitu, na kwangu mimi riwaya inaanza kuwa nzito hapo. Mtu aliyezoea kufokewa anajifunza upya kusema kwa sauti ya chini. Anampenda Afiya, msichana ambaye mkono wake uliumizwa na mwanamume aliyemlea, kwa kosa la kujua kuandika. Mapenzi yao yanakwenda polepole mno. Kama ningekuwa na kitabu cha karatasi, nakiri ningaliziruka kurasa hizo ili nijue yuko wapi Ilyas, kaka yake Afiya, aliyekwenda vitani asirudi. Sauti haina haraka ya mtu. Nilisubiri, na katika kusubiri nikawapenda wale wawili. Habari za Ilyas siwaambii, zitafuteni wenyewe.

Ya pili ni All Quiet on the Western Front ya Erich Maria Remarque, Mjerumani aliyejeruhiwa vitani mwaka 1917. Kitabu chake kilitoka mwaka 1929, na mwaka 1933 wafuasi wa Hitler wakakitia motoni. Paul Bäumer na wenzake wanatoka darasani moja kwa moja kwenda vitani, kwa kuchochewa na mwalimu wao. Sitasimulia mapigano. Natahadharisha tu kwamba ipo sehemu ya farasi waliojeruhiwa wanaolia, na sauti ya msomaji inaifanya iwe kali kuliko maandishi. Watoto wetu tuliwatuma kwa jirani.

Sura ninayotaka kila nyumba ya askari iisikie ni ile ya likizo. Paul anarudi kwao kwa siku chache. Baba anataka asimuliwe vita, na angependa mwanawe avae sare akaonyeshwe kwa marafiki. Mama, ambaye ni mgonjwa, anauliza tu kama huko kulikuwa kubaya sana. Kijana anajibu kwamba sivyo. Kisha anakwenda kwa mama yake Kemmerich, rafiki yake aliyefariki, na kumwapia kuwa mwanawe alikufa papo hapo bila ya maumivu, ilhali yeye mwenyewe alikaa kando ya kitanda cha hospitali akayaona yote hadi mwisho.

Simu ilikuwa juu ya meza, na mume wangu alikuwa mlangoni aking'arisha buti. Ametumikia Somalia mara mbili. Mara zote mbili, aliporudi, nilimwuliza swali la mama yake Paul, na mara zote mbili nilipewa jibu la Paul. Burashi ikasimama. Baada ya kitambo akasema, "Hebu irudishe nyuma kidogo." Nikairudisha, tukaisikiliza tena tangu mwanzo wa likizo. Usiku ule alinieleza habari za rafiki yake mmoja, kwa urefu, na mimi sikuuliza kitu. Habari hizo si za gazetini.

Sasa tumeanza Vita na Amani ya Tolstoy, ambayo kwa sauti inapita saa 60. Hapa nasema kweli, sikio linahemewa. Kila Mrusi ana majina matatu, na huwezi kurudi kurasa kumi nyuma kutazama fulani ni mtoto wa nani. Nimechukua daftari la matumizi ya nyumbani, nikaandika ukoo wa Rostov upande mmoja na ukoo wa Bolkonsky upande wa pili. Jana nimeona kwamba mtu ameongeza kwa penseli, kando ya majina ya wanaume, cheo cha kila mmoja jeshini.