Mafundi, rudisheni themostati

Gari lililochemsha kwenye mlima wa Kitonga likiletwa gereji kwangu hapa Iringa, kitu cha kwanza ninachofungua ni nyumba ya themostati. Mara nyingi ndani hamna kitu. Mwenye gari, ambaye alilinunua mkononi mwa mtu, ndiyo kwanza anasikia kwamba kulipaswa kuwa na kifaa pale. Kuna fundi alikwisha kuking'oa zamani, akarudisha boliti na kumhakikishia mwenye gari wa wakati ule kuwa halitachemsha tena.

Desturi hii imeenea mno na mimi naipinga waziwazi, ingawa wanaoifanya ni wenzangu. Tumezoea kusema gari limechakaa, injini imezeeka. Corolla na Carina za miaka ya 1990 nazifahamu ndani na nje, na naamini nyingi zilizokufa hazikufa kwa uzee.

Themostati ni kifaa kinachoenea kiganjani. Ndani yake kuna nta iliyofungiwa kwenye kikopo kidogo cha madini. Injini ikiwa ya baridi, kifaa hiki huziba njia ya maji kwenda kwenye rejeta ili injini ipate joto haraka. Maji yakifika joto lililoandikwa kwenye bati lake, mara nyingi nyuzijoto 82, nta huvimba, vali ikafunguka, maji yakaenda kupozwa. Hakina umeme wala kompyuta.

Najua jinsi kinavyoishia jalalani. Rejeta inajazwa maji ya bomba au ya kisima badala ya kulanti. Maji hayo hayana dawa ya kuzuia kutu, na ya visima vingi vya Pwani yana chumvi. Kutu inakula ndani, uchafu unajikusanya, siku moja themostati inaganda ikiwa imefunga na gari linachemsha. Fundi anaing'oa. Jioni hiyo gari linatembea vizuri, mteja analipa kwa furaha. Ila kutu iko palepale, rejeta inaendelea kuziba, na sasa injini imekosa kifaa cha kudhibiti joto lake.

Hapo ndipo Kitonga inapodai chake. Ukitoka Ruaha Mbuyuni, ambako joto ni kali, unaanza kupanda ukielekea Ilula. Mbele yako kuna lori linatambaa, huwezi kulipita, nawe uko gia ya kwanza au ya pili. Upepo unaopita kwenye rejeta ni mdogo, kazi ya injini ni kubwa. Katika injini kadhaa themostati ina kisahani kwa chini, ambacho kazi yake ni kuziba njia ya mkato maji yanapopata moto, ili yote yapite kwenye rejeta. Ukiing'oa, njia ile ya mkato inabaki wazi, na sehemu ya maji ya moto inazunguka kurudi kwenye injini bila kupozwa. Kwa hiyo kile kilichong'olewa ili gari lisichemshe, kukosekana kwake ndiko kunakolichemsha mlimani.

Halafu kuna baridi yetu ya mwezi wa sita na wa saba. Gari lisilo na themostati huku halipati joto lake hata likitembea mjini asubuhi nzima. Kompyuta inadhani injini imewashwa sasa hivi, inaongeza petroli. Ukifungua plagi unazikuta zimejaa masizi meusi. Petroli isiyoungua inateremka kwenye oili na kuifanya nyepesi, na ringi za pistoni zinasagika. Baada ya muda unaona moshi wa bluu, unaambiwa injini inakula oili kwa sababu ni ya zamani. Mwenye Vitz anaweza kujikagua mwenyewe: ile taa ya bluu ya dashibodi ikikawia mno kuzimika kila siku, kuna jambo.

Nitaje na kifuniko cha rejeta, maana nacho hudharauliwa. Iringa mjini ni takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na maji yaliyo wazi huku huchemka kwenye nyuzijoto 95 hivi. Kifuniko kizima chenye alama ya 1.1 hubana mgandamizo hadi maji yafike karibu 120 kabla ya kuchemka. Mpira wake ukikatika, ulinzi wote huo umekwenda.

Mwisho wa safari hiyo ni hedi. Hedi ya alumini ikizidiwa na joto hupinda, gasketi ikaungua, maji yakaingia kwenye oili. Ukichomoa kijiti cha kupimia unaona oili imekuwa kama chai ya maziwa. Kuna mwalimu aliyepewa habari hiyo hapa kwangu, na fedha ya kurekebisha hedi ilikuwa ada ya mtoto wake. Themostati mpya haifiki hata nusu ya bei ya kujaza tanki.

Hata sheria hutazama umri wa gari: Kenya hawaruhusu gari lililozidi miaka 8 kuingia nchini; sisi tunaliruhusu na kulitoza ushuru wa ziada kwa uchakavu. Ni sawa serikali kuangalia umri. Lakini gari la miaka 5 nalo litakufa mapema likifika gereji inayong'oa themostati.

Vijana wanaojifunza kwangu nawafundisha kuining'iniza themostati kwa uzi ndani ya sufuria ya maji jikoni, pamoja na kipimajoto, waone kwa macho yao inapofunguka. Isiyofunguka inabadilishwa, rejeta inasafishwa, kulanti inawekwa. Nawe mwenye gari, ukiambiwa themostati imebadilishwa, omba upewe ile ya zamani mkononi. Fundi akikuambia gari lako halihitaji themostati, chukua ufunguo wako utafute mwingine.