Barua ya Tabata: Aliyekufa kwa Kufunga, Ameuawa na Nani?



Tangu habari za msitu wa Shakahola zilipotufikia hapa Tabata mwaka 2023, swali moja limeulizwa mara nyingi, barazani, sokoni na hata nje ya kanisa baada ya Misa: "Kama watu wale walifunga kwa hiari yao wenyewe, mhubiri wao ashitakiwe kwa sababu gani?" Swali si la kipumbavu. Huenda hata kijijini kwenu limeulizwa. Basi juma hili tulitazame pamoja, maana jawabu lake lamhusu kila mwenye nyumba na watoto.

Kwanza habari yenyewe. Paul Nthenge Mackenzie alikuwa dereva wa teksi kabla ya kuanzisha kanisa lake huko Malindi, pwani ya Kenya, mwaka 2003. Aliwafundisha watu wasipeleke watoto shuleni, wasiende hospitali, wala wasikubali namba ya kitambulisho iliyotolewa na serikali, ati ni alama ya shetani. Mwaka 2019 kanisa hilo lilifungwa, naye akahamia Shakahola, katika Kaunti ya Kilifi. Wafuasi wakamfuata, wengine waliuza mali yao na kuacha kazi. Mwezi wa Aprili 2023 polisi waliingia msituni. Walikuta watu waliokonda hata hawawezi kusimama, na makaburi kila upande. Katika miezi iliyofuata, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa. Watoto walikuwa wengi miongoni mwao.

Mwanzoni mwa mwaka 2024 mashitaka yalisomwa katika mahakama mbalimbali za Mombasa na Malindi. Mackenzie na wenzake zaidi ya 90 walishitakiwa kwa ugaidi, na pia kwa makosa 238 ya kuua bila kukusudia. Yeye na wengine 29 walishitakiwa katika Mahakama Kuu ya Malindi kwa mauaji ya watoto 191. Yalikuwako pia mashitaka ya kuwatesa watoto na kuwanyima elimu. Washitakiwa walikana yote. Kesi ya ugaidi ilianza kusikilizwa mwezi wa Julai 2024 huko Shanzu, na ile ya kuua bila kukusudia mwezi wa Agosti huko Mombasa. Kutoa hukumu ni kazi ya mahakama, si kazi yetu. Lakini kuyatafakari mambo haya ni wajibu wetu.

Sasa turudi kwenye swali letu. Jambo la kwanza ni watoto. Mtoto wa miaka mitatu hana hiari ya kufunga. Anapolia kwa njaa, hamfuati mhubiri wala hamkatai Mungu, anaomba uji. Waliookolewa walieleza kwamba watoto ndio waliopangiwa kufa kwanza, kisha wakubwa. Na mganga wa serikali aliyeipima miili alisema kwamba wengi walikufa kwa njaa, lakini wengine, watoto wakiwemo, walinyongwa, au walipigwa, au walizibwa pumzi. Huyo aliyenyongwa alifunga lini kwa hiari yake?

Jambo la pili ni watu wazima. Mtu hajitupi shimoni siku moja. Huondolewa kidogo kidogo. Leo aambiwa daktari ni adui. Kesho aambiwa shule ni ya shetani. Kesho kutwa auze shamba, maana dunia yaisha. Halafu aachane na ndugu zake, maana hao ni watu wa giza. Siku anapoambiwa asile, hana tena ndugu wa kumwuliza, wala nauli ya kurudi, wala nyumba ya kurudia. Je, hiari gani imesalia hapo? Ndiyo maana sheria humtazama pia yule aliyeshawishi, si yule aliyekufa tu. Hata hapa Tanzania, mtu amshawishiye mwenzake kujiua, au amsaidiaye, ana hatia mbele ya sheria.

Yawezekana msomaji aseme, "Sisi Wakatoliki tuna Kanisa letu, mambo hayo ni ya wengine." Tusijidanganye. Tarehe 17 Machi 2000, huko Kanungu, Uganda, mamia ya watu waliteketea ndani ya nyumba yao ya sala iliyofungwa. Siku chache baadaye miili mingine ilikutwa katika mashimo kwenye nyumba za kundi lile. Inakadiriwa jumla ya waliokufa ilizidi 700. Wengi wao walikuwa Wakatoliki kama sisi. Viongozi wao, Joseph Kibwetere na Credonia Mwerinde, walidai kwamba Bikira Maria aliwatokea, na pamoja nao alikuwako Dominic Kataribabo, aliyekuwa padre kabla ya kutengwa na Kanisa. Nao waliwaambia watu wauze mali. Nao waliwakataza hata kuzungumza wao kwa wao. Polisi walitoa hati za kuwakamata viongozi hao, lakini hata mmoja hakufikishwa mahakamani.

Hapo ndipo tunapoona thamani ya kesi. Wafiwa wa Kanungu hawakupata siku ya kusimama mbele ya hakimu na kusema, "Huyu alikuwa mama yangu." Wafiwa wa Shakahola waliipata. Kesi haifufui maiti, lakini hulazimisha mambo ya gizani yasemwe mchana, mbele ya watu wote.

Tena, ndugu zangu, Shakahola haikuanza mwaka 2023. Mackenzie alikwisha kukamatwa mwaka 2017, kisha mwaka 2019, kisha tena mwezi wa Machi 2023 kwa ajili ya vifo vya watoto, na kila mara aliachiliwa. Tume ya haki za binadamu ya Kenya iliwalaumu maofisa wa usalama wa Malindi kwa kutozishughulikia taarifa walizopelekewa. Maana yake, walikuwako watu waliosema, lakini hawakusikilizwa. Wala mambo hayakukoma: mwaka 2025 miili mingine zaidi ya 30 ilifukuliwa mahali paitwapo Kwa Binzaro, katika kaunti ile ile. Basi asemaye asichoke. Akisema mara moja asisikilizwe, aseme mara ya pili, na mara ya tatu, na mahali pengine.

Wazee wa hapa Tabata wanalijua jambo hili. Katika miaka ya 1980 taka za jiji zima zilimwagwa na kuchomwa hapa, na moshi wake ukawaumiza watoto na wazee. Wenyeji walinung'unika muda mrefu bila kujibiwa. Mwaka 1988 walikwenda Mahakama Kuu wakashinda, na baadaye dampo likaondolewa. Haki ilikwenda kwa mwendo wa kobe, lakini ilifika, kwa sababu watu walikataa kunyamaza.

Basi tufanye nini? Kwanza, tujue kufunga kwa kweli ni kupi. Kanisa linatuamuru kufunga Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, nayo amri hiyo yawapasa wenye umri wa miaka 18 mpaka wanapoanza mwaka wa 60. Hata wao wanaruhusiwa mlo mmoja kamili na vitu kidogo mara mbili. Mtoto hafungwi na amri hiyo, wala mgonjwa, wala mama mjamzito. Mungu alimzuia Ibrahimu asimchinje mwanawe. Hawezi leo kumtaka mama amwue mwanawe kwa njaa. Atakayesema Mungu anataka hivyo, huyo amejitambulisha mwenyewe.

Pili, tuangalie dalili. Mhubiri anayekutenga na ndugu zako, anayekukataza shule na dawa, anayetaka uuze shamba, tena hataki kuulizwa swali, mkimbie, hata kama anajua Biblia yote kwa moyo.

Tatu, tusinyamaze. Jirani akihama ghafula na watoto wake kufuata mhubiri, ulizeni wamekwenda wapi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yampa mzazi wajibu wa kumpatia mtoto chakula, matibabu na elimu. Na inamtaka kila mwananchi ajuaye kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa serikalini. Nendeni kwa mtendaji wa kijiji, kwa ofisa wa ustawi wa jamii, au kituo cha polisi. Namba ya simu 116 hupokea taarifa za watoto bila malipo. Mwambieni pia katekista na Padre wenu. Wala msiseme, "Tutaonekana wambeya." Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua.

Na aliyepotea akirudi, mpokeeni. Msimcheke, msimsimange kwa shamba aliloliuza. Wengi hubaki msituni si kwa sababu bado wanaamini, bali kwa sababu wanaona haya kurudi nyumbani. Mlango ulio wazi waweza kuokoa roho nyingi kuliko maneno makali.

Kwaherini mpaka juma lijalo.