Samaki hukunjwa, havunjwi: Mtoto asiyetulia anahitaji watu wazima waliojifunza

HUENDA unaishi naye nyumba moja. Ni kitinda mimba wa kwenu, mtoto wa dada yako au yule kijana wa jirani kwenye ploti. Ana miaka sita. Ulimtuma jikoni akuletee kijiko, akarudi baada ya dakika kumi na kifuniko cha sufuria, anakizungusha kama usukani wa matatu. Kijiko ameshakisahau. Mwalimu naye ameandika kwenye daftari, mara ya tatu wiki hii: hatulii, anasumbua wenzake. Nyumbani ameshapewa jina. Msumbufu. Kichwa ngumu.

Jioni ikifika, mtu anatafuta mwiko au mshipi. Ukiuliza kwa nini, unajibiwa kwa methali: samaki mkunje angali mbichi.

Hebu tuisikilize methali hiyo vizuri. Inasema mkunje. Haisemi mvunje. Anayekunja samaki hutumia mikono na subira, na hujua samaki aliye mbele yake ni wa aina gani.

Si kila mtoto mchangamfu ana tatizo. Watoto hukimbia, hupanda viti na husahau. Lakini wako wachache, takriban watano kati ya kila mia duniani, ambao wana hali inayojulikana kama ADHD. Mtoto wa aina hii hushindwa kushikilia jambo moja akilini, hushindwa kutulia, au hutenda kabla ya kufikiria. Wataalamu hawamhukumu kwa siku moja mbaya. Hutazama kama dalili zimedumu angalau miezi sita, kama zilianza kabla ya miaka 12, na kama zinaonekana sehemu zaidi ya moja, yaani nyumbani na shuleni pia. Akiwa mtulivu kwa nyanya yake lakini anawaka moto shuleni tu, pengine tatizo liko huko shuleni.

Hali hii haitokani na mapepo, wala si ushahidi kwamba mama yake amemdekeza. Kwa kiasi kikubwa hurithiwa katika familia. Mwaka 2007, watafiti wa taasisi ya taifa ya afya ya akili nchini Marekani walipopima ubongo wa watoto, waligundua kwamba kwa wenye ADHD baadhi ya sehemu zilikomaa takriban miaka mitatu baada ya wenzao, hasa zile zinazosaidia kupanga mambo na kujizuia. Kwa ufupi, injini iko sawa lakini breki zimechelewa kukaza. Sasa niambie, gari lisilo na breki utalichapa hadi lisimame?

Ukisikia neno tiba, labda unawaza kochi, daktari mwenye miwani na maswali mengi. Tiba ya kubadili fikra na tabia, maarufu kama CBT, ilianza hivyo. Daktari Aaron Beck aliiunda Marekani miaka ya 1960 kwa ajili ya watu wazima wenye sonona. Mgonjwa hufundishwa kuzinasa fikra zake na kuzihoji. Ni kazi nzuri, ila mtoto wa miaka mitano hawezi kukaa akachambua fikra zake. Hata kijiko kimemshinda kukumbuka!

Watafiti walijaribu njia ya katikati. Mwaka 1971, Donald Meichenbaum na Joseph Goodman walichapisha kazi yao ya kuwafundisha watoto wenye pupa kujisemesha wenyewe: simama, fikiria, kisha tenda. Wazo hilo bado linatumika. Lakini kwa watoto wenye ADHD, ilionekana baadaye kwamba yale waliyojifunza kwenye chumba cha mtaalamu mara nyingi yalibaki humo humo. Darasani na nyumbani, pupa ilikuwa pale pale.

Ndiyo maana kwa watoto wadogo somo limehamia kwa watu wazima. Mwongozo wa mwaka 2019 wa chama cha madaktari wa watoto cha Marekani unasema wazi: kwa mtoto wa miaka minne na mitano, hatua ya kwanza ni kumfunza mzazi jinsi ya kuongoza tabia, pamoja na msaada darasani, kabla ya kufikiria dawa. Kuanzia miaka sita, dawa na mafunzo hayo huenda pamoja, na uamuzi wa dawa ni wa daktari.

Kwa graundi, mafunzo hayo yana sura gani? Kwanza, amri moja kwa wakati. Usipige kelele kutoka chumba kingine, "Oga, vaa, chukua begi, na usisahau kitabu!" Mfikie, inama, mtaje jina, umpe jambo moja: "Vaa kiatu." Akimaliza, mpe la pili.

Pili, msifu papo hapo na useme unachosifia. "Umekaa mezani mpaka ukamaliza uji, vizuri sana." Zawadi ya mwisho wa muhula iko mbali mno kwake. Kifuniko cha soda kinachotumbukizwa kwenye mkebe sasa hivi anakiona. Vikifika vitano, achague hadithi au dakika kadhaa za kucheza mpira na wewe.

Tatu, utaratibu usiobadilika, wenye picha ukutani: kuamka, kuoga, chai, shule. Nne, akivuka mpaka, mwondoe kwenye vurugu akae mahali tulivu kwa dakika chache, bila matusi wala hotuba. Kisha yaishe. Na kanuni ya leo iwe ya kesho, awepo baba, yaya au wewe.

Tusidanganyane, wiki za kwanza anaweza kuzidisha fujo kupima kama mnamaanisha. Hapo ndipo wengi hurudi kwa mshipi. Mafunzo haya pia hayaondoi ADHD. Yanampunguzia mtoto siku za vita, na yanaipa nyumba nafasi ya kupumua.

Utauliza, mbona tumtuze kwa jambo ambalo wenzake hulifanya bure? Kwa sababu hiyo hiyo tunayompa miwani mtoto asiyeona ubao, ingawa wenzake wanausoma bila miwani. Na wale wanaosema "sisi tulichapwa na tuko sawa", tuwakumbushe kwamba walio sawa ndio waliobaki kusimulia. Yule aliyeacha shule darasa la sita, kila mtu akimwita mjinga mpaka akaamini, hayuko kwenye mazungumzo hayo.

Sheria nayo iko wazi. Kiboko kilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza adhabu ya viboko na mateso ya kiakili dhidi ya mwanafunzi. Lakini kumpokonya mwalimu fimbo bila kumpa ujuzi mwingine ni kumwacha mikono mitupu mbele ya darasa lililojaa. Wizara ya Elimu na Tume ya Huduma za Walimu ziwafunze walimu wa PP1 hadi Gredi ya 3 mbinu hizi kwa vitendo. Kaunti nazo ziyalete mafunzo ya wazazi kwenye zahanati ambako akina mama tayari hupeleka watoto kupimwa na kuchanjwa. Mzazi wa Kayole asilazimike kutafuta maelfu ya pesa kwa kliniki ya kibinafsi ili aambiwe jinsi ya kusema "vaa kiatu".

Kwa sasa, ukiwa na shaka, anzia hospitali ya umma iliyo karibu, au vituo vya serikali vya kutathmini mahitaji ya elimu ya watoto, vinavyojulikana kama EARC. Jijini Nairobi, Taasisi ya Elimu Maalum, KISE, iliyoko Kasarani, hufanya tathmini pia. Usimpachike mtoto jina la ADHD kwa sababu ya video uliyoona kwenye TikTok.

Na wewe kijana, usiseme hili ni la wazazi. Mara nyingi ni wewe unayeachiwa huyo mtoto mama akienda kazini. Leo jioni, kabla hujamwita msumbufu, mtafutie jambo moja alilofanya vizuri, ulitaje kwa sauti akiwa anasikia. Kesho tafuta lingine. Huko ndiko kumkunja samaki.